Slaidi Inalia Vibaya: Kutafuta Kosa Unapojifunza Gitaa la Bluzi kwa Video

Kamera ya mwalimu wa video hutazama slaidi, ile silinda ya chuma au kioo inayovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi. Tatizo huanzia hapo, maana sehemu kubwa ya kazi haifanywi na slaidi. Inafanywa na vidole vinavyolala nyuma yake, na mkono wa kulia unaozima nyuzi zisizotakiwa, na gitaa lenyewe jinsi lilivyowekwa kabla video haijaanza. Mwanafunzi aliyeko Kisauni au Tudor, hapa Mombasa, anaiga anachokiona kwenye simu, na anachopata ni mlio wa bati linaloburutwa juu ya saruji. Mara nyingi kosa ni moja tu, na linajitangaza lenyewe ukilisikiliza.

Tuelewane kwanza. Uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ni ule mnene. Noti tunazitaja kwa herufi, A hadi G. Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja (ile ya KRA ni habari nyingine). Waya wa freti ni kile chuma chembamba kinachokatiza shingo. Nati ni kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa.

Hakuna kinachofanana na video, hata noti moja

Weka slaidi kando. Piga nyuzi zote sita bila kushika kitu. Slaidi ya bluzi kwa kawaida hupigwa kwa tyuni ya wazi, yaani nyuzi zikiachwa zilivyo zinatoa kodi kamili. Ukibaki kwenye tyuni ya kawaida (E A D G B E), namba za freti anazotaja mwalimu hazitakuwa na maana. Tyuni zinazokutwa sana ni nne, kuanzia uzi wa 6 hadi wa 1:

- G ya wazi: D G D G B D. Shusha nyuzi za 6, 5 na 1 toni nzima (sawa na freti mbili; nusu toni ni freti moja).
- D ya wazi: D A D F# A D. Shusha nyuzi za 6, 2 na 1 toni nzima, na uzi wa 3 nusu toni.
- E ya wazi: E B E G# B E. Pandisha nyuzi za 5 na 4 toni nzima, na uzi wa 3 nusu toni.
- A ya wazi: E A E A C# E. Pandisha nyuzi za 4, 3 na 2 toni nzima.

Ukizitazama vizuri utaona ni mbili tu. E ni D iliyopandishwa toni nzima, na A ni G iliyopandishwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu akiwa kwenye E, nawe una gitaa la mbao lisilo la umeme na nyuzi zake ni nene, usizivute hadi daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) libanduke. Weka D, funga kapo (kibano cha shingoni kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya 2, kisha hesabu freti kuanzia kwenye kapo. Kama mwalimu hataji tyuni, jina la mpigaji ambaye mtindo wake unafundishwa linaweza kukudokezea: kwa Muddy Waters katika rekodi zake za awali, tafuta G; kwa Elmore James, D; kwa Duane Allman, E; kwa Bonnie Raitt, A.

Herufi zikilingana na bado sauti zinagongana kidogo, huenda mwalimu ameshusha gitaa zima nusu toni, au ametyuni kufuata rekodi ya miaka ya 1920 au 1930. Sahani za wakati ule hazikuzunguka kwa kasi ileile kila mara, ndiyo maana sauti yake inaweza kuangukia katikati ya noti mbili. Kuhakikisha ni rahisi: chukua simu ya pili yenye programu ya kutyuni, iweke karibu na ile inayocheza video, usubiri mwalimu aache uzi wa 6 ulie wazi. Ikiandika C# mahali ulipotarajia D, umepata jibu. Ikiyumba katikati ya noti mbili, tyuni kwa sikio lako kufuata video na uache programu.

Slaidi inagonga freti: tak, tak, tak

Ama unakandamiza mno, ama nyuzi zako ziko chini mno. Jaribio la kutofautisha: laza slaidi juu ya uzi wa 1 freti ya 5, na uiache uzito wake tu ndio uguse uzi. Piga. Kama kelele imekoma, kosa ni mkono. Slaidi haibonyezi uzi hadi kwenye ubao kama kidole kinavyofanya. Slaidi yenyewe ndiyo freti.

Kama bado inagonga, pima. Kadi ya benki ya kawaida ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu zisizo na namba zilizovimba, uziingize kati ya uzi wa 6 na waya wa freti ya 12. Kadi tatu ni karibu milimita 2.3, nne ni kama 3. Kwa slaidi unataka nafasi ya kati ya hizo mbili. Kadi tatu zikikataa kuingia, gitaa liko chini. Lipandishe kwa kuweka kipande cha plastiki ngumu chini ya kile kipande cheupe cha daraja, ukikumbuka kwamba ukipandisha daraja milimita 1, freti ya 12 inapanda nusu yake tu. Kipande kiwe bapa na kijaze mfereji wote. Gitaa lenye pikapu (kinasa sauti) ya umeme chini ya kipande hicho usilichokonoe, maana sauti ya nyuzi itatoka isiyolingana. Mpelekee fundi wa magitaa.

Kelele ikitokea freti za 1 hadi 4 tu, chanzo ni nati iliyo chini. Kuna vipande vya chuma vya kuvika juu ya nati ili kuinua nyuzi, na huondolewa bila kuharibu kitu.

Kuna mlio wa pili, kama mzimu unaofuata noti

Hili ndilo kosa lenyewe la slaidi, na ndilo ambalo video hulionyesha vibaya kuliko yote.

Slaidi inapogusa uzi inaukata vipande viwili. Kipande cha kati ya slaidi na daraja ndicho unachokitaka. Kipande cha nyuma, kati ya slaidi na nati, nacho kinatikisika na kutoa noti yake. Tena ukiteleza kwenda juu, kipande cha mbele kinafupika na sauti yake inapanda, huku cha nyuma kinarefuka na sauti yake inashuka. Sauti mbili zinakwenda kinyume kwa wakati mmoja, na sikio linasema tu kwamba kuna kitu kichafu.

Dawa ni kulaza kidole cha shahada, na cha kati kikiwezekana, juu ya nyuzi zote nyuma ya slaidi, vikigusa bila kubonyeza. Kwenye video vidole hivyo vinaonekana kama vimepumzika tu. Havikupumzika.

Sasa angalia mtego. Karibu kila mwalimu huanza na freti ya 12, kwa kuwa ni rahisi kuiona. Lakini pale slaidi hukata uzi katikati sawasawa, na kipande cha nyuma hulia noti ileile ya mbele. Huwezi kusikia kosa. Freti ya 7 nayo huficha: kipande cha nyuma ni theluthi moja ya uzi, nacho hutoa noti ya jina lilelile, oktava moja juu. Mtu anaweza kufanya mazoezi wiki tatu kwenye freti ya 12 na ya 7, akaamini mkono wake umekuwa safi, kisha akaaibika akifika freti ya 3. Jipime kwenye freti ya 4 au ya 10. Piga uzi wa 3 freti ya 4 kidole cha shahada kikiwa kimeinuliwa, kisha kikiwa kimelala. Tofauti utaisikia hata kelele za tuktuk zikiwa dirishani.

Ukiwa umezima nyuma na bado kuna mlio, chanzo ni nyuzi za jirani, na hapo kazi ni ya mkono wa kulia. Laza ubavu wa kidole gumba juu ya nyuzi za 6, 5 na 4. Weka shahada kwenye uzi wa 3, cha kati kwenye wa 2, cha pete kwenye wa 1. Kila kidole kinapiga uzi wake na kurudi kuuzima. Zoezi: metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) iwe mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila mapigo mawili. Pigo la kwanza uzi unalia, la pili kidole kinarudi na kunakuwa kimya kabisa. Kimya ndicho unachokipima hapa. Anayetumia piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) anaweza kuzima nyuzi nene kwa kiganja, lakini nyuzi nyembamba zitamsumbua. Walimu wengi wa slaidi huacha piki kwa sababu hiyo, wala hawasemi.

Kuna mlio mwingine mfupi, kama "kwii", unaosikika slaidi inapoondoka kwenye uzi. Unaiinua kabla hujauzima. Mkono wa kulia uzime kwanza, kisha slaidi iinuke.

Noti iko karibu lakini si yenyewe

Aliyepiga gitaa la kawaida amezoea kuweka kidole nyuma ya waya wa freti. Akipeleka slaidi mahali hapo, kila noti itakuwa chini. Slaidi hukaa juu ya waya wenyewe, sambamba nao. Ikilala mshazari, uzi mmoja utakuwa sawa na wa pili utakosea, jambo linaloonekana zaidi ukipiga nyuzi mbili au tatu pamoja.

Kosa la umbali halina bei moja shingo nzima. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36 kutoka kwenye nati, lakini kutoka freti ya 12 hadi ya 13 ni milimita 18 tu. Ukikosea milimita 3 chini kule umepoteza sehemu moja ya kumi na mbili ya nusu toni, na wachache watagundua. Ukikosea zizo hizo kwenye freti ya 12 umepoteza moja ya sita, na mwenye nyumba atagundua.

Usiamini pembe ya kamera. Mwalimu anapigwa picha kutoka mbele, nawe unatazama shingo kutoka juu, na slaidi imeinuka milimita kadhaa juu ya ubao; kinachoonekana kimenyooka kwake kitaonekana kimehama kwako. Tumia sikio hivi: gusa uzi wa 1 kidogo tu kwa kidole juu ya freti ya 12, piga, kisha ondoa kidole. Utasikia sauti ya kengele. Ndiyo noti sahihi. Sasa iitafute kwa slaidi. Kwenye nyuzi nene utaona slaidi inataka kukaa nywele moja kupita waya, upande wa mwili wa gitaa. Gitaa si bovu: daraja limesogezwa kidogo kufidia mvuto wa kidole kinachobonyeza, na slaidi haibonyezi.

Wanaocheza udi au fidla kwenye taarabu hupita sehemu hii haraka kuliko wapiga gitaa, kwa kuwa vyombo vyao havina freti na mkono umeshazoea kuongozwa na sikio.

Mtikiso umekuwa king'ora

Mtikiso wa sauti unatakiwa uzunguke noti, kidogo chini na kidogo juu, kitovu chake kikiwa waya wa freti. Ukitikisa kwa kiwiko, slaidi inavuka nusu toni na unapata ambulensi. Gumba likae nyuma ya shingo kama nanga nyepesi, mtikiso utoke kwenye kifundo cha mkono, na upana wake juu ya freti ya 12 usizidi milimita chache. Fika kwanza kwenye noti, tulia pigo moja, ndipo utikise. Anayetikisa kabla hajafika huwa anaficha kwamba hajui noti iko wapi.

Sauti inakufa mara moja

Anza na nyuzi. Za nailoni hazifai kwa slaidi: ni laini, nyepesi, na haziendelezi sauti. Lakini usivue nailoni na kuvika chuma kwenye gitaa la klasiki. Seti ya chuma inayoanza na 0.012 (unene wa uzi wa 1 kwa inchi) huvuta kwa zaidi ya kilo 70, wakati nailoni huvuta karibu kilo 40. Daraja litang'oka au shingo itapinda. Kwa gitaa la mbao la nyuzi za chuma, chagua seti inayoanza na 0.012 au 0.013; kwa la umeme, 0.011. Nyuzi nyembamba za 0.009 huzama chini ya slaidi.

Kama nyuzi ni za chuma na nene, pitisha ukucha chini yake. Ukikwaruza, ni kutu. Mombasa upepo wa bahari una chumvi, jasho la mkono lina chumvi, na seti iliyoachwa wazi ukutani Nyali au Likoni hufa mapema. Pangusa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Nyuzi zilizopakwa utando wa kinga ni ghali, ila hapa pwani zinalipa.

Halafu slaidi yenyewe. Nyepesi mno haiwezi kuutuliza uzi. Huhitaji kuagiza ng'ambo:

- Bomba la GI la nusu inchi lina uwazi wa karibu milimita 16. Fundi bomba akukatie sentimita 6, ulainishe kingo kwa tupa, kisha msasa namba 120, 240, 400 na 600 hadi liteleze. Ni zito na linaimba.
- Bomba la shaba la mafundi wa AC, la robo tatu inchi, ni jepesi na laini zaidi. Linafaa gitaa la umeme.
- Soketi ndefu ya kufungulia plagi za gari. Usicheke; Lowell George, mpiga slaidi wa bendi ya Little Feat, alipigia hiyo.

Shingo ya chupa iliyovunjwa ni moja ya asili za kifaa hiki, lakini kioo kisichosagwa vizuri kitakuachia alama. Nunua cha kioo kilichotengenezwa.

Slaidi inazunguka kidoleni, au inabana hadi kidole kinakuwa buluu

Shusha mkono na uutikise. Ikianguka ni pana. Zungushia plasta ndani. Ipime alasiri, kwa sababu joto la Februari huvimbisha vidole, na slaidi iliyokaa vizuri alfajiri inaweza kukataa kutoka saa tisa mchana. Kidole kipi? Cha mwisho hukuachia vitatu vya kuzima na kushika kodi. Allman alivaa cha pete, Raitt huvaa cha kati. Ukifuata walimu watatu wenye vidole vitatu tofauti kwa wiki moja, hakuna mkono utakaozoea. Chagua kimoja kwa miezi mitatu.

Gitaa linaacha tyuni kila baada ya dakika kumi

Ukisikia "ting" unapozungusha kigingi, uzi unakwama kwenye nati. Ulegeze, sugua ncha ya penseli mferejini, urudishe. Tyuni kila mara kutoka chini kwenda juu. Ukipita, shuka kabisa kisha upande tena. Nyuzi mpya zivute kwa mkono mara tano au sita kabla ya kuzilaumu.

Kama si nati, ni hewa. Magitaa mengi hutengenezwa kwa unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Mombasa mara nyingi hupita 70. Mbao hufura, tumbo la gitaa huinuka, nyuzi nazo hupanda; ndiyo sababu kadi tatu zilizokataa kuingia mwezi wa kwanza zinaweza kuingia bila shida wakati wa masika. Pima upya kabla ya kuongeza plastiki kwenye daraja. Gitaa likae kwenye kasha lililofungwa pamoja na pakiti za silika. Hizo hujaa haraka huku kwetu, kwa hiyo tumia zile zinazoruhusiwa kukaushwa kwenye oveni. Likitoka kwenye chumba chenye AC kwenda barazani, lipe dakika 20 kabla ya kutyuni.

Unachelewa nyuma ya video ingawa mkono uko sawa

Huenda umeunganisha gitaa na spika kwa Bluetooth. Sauti yako inakufikia imechelewa. Tumia waya. Kusikiliza video peke yake kwa Bluetooth hakuna shida.

Kila noti ni sahihi, lakini si bluzi

Angalia mzunguko kwanza. Bluzi ya kawaida ni baa 12 (baa ni kipimo cha mapigo manne): nne za kodi ya nyumbani, mbili za kodi ya nne (inayojengwa juu ya noti ya nne ya ngazi), mbili za nyumbani, moja ya kodi ya tano, moja ya kodi ya nne, mbili za mwisho nyumbani, ingawa ya mwisho kabisa mara nyingi huwa ya tano ili kurudisha duara. Kwenye tyuni ya wazi, nyumbani ni nyuzi wazi au freti ya 12, nne ni freti ya 5, tano ni freti ya 7. Video nyingi hufundisha vipande vitamu bila kusema vinaingia baa ya ngapi, na mwanafunzi hukusanya shanga bila uzi.

Kisha noti ya tatu ya ngazi. Kwenye G ya wazi, uzi wa 3, freti ya 3 inatoa tatu ndogo na ya 4 tatu kubwa. Bluzi hukaa katikati, juu ya freti ya 3 lakini haifiki ya 4. Programu ya kutyuni itakuambia umekosea. Sikio lililokua na maqamu ya Rasti, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambayo nayo ina tatu isiyo ndogo wala kubwa, halitashtuka. Jizoeze kuanza freti ya 3 na kupanda polepole kwa mapigo manne bila kuifikia ya 4.

Mwisho, namna ya kutazama. Pakua somo mara moja ili bando isikukatie katikati, na punguza kasi hadi 0.75, kwenye 0.5 sauti huchakaa na mtikiso wa mwalimu husikika kama hitilafu. Chagua kipande cha sekunde nne. Kitazame mara mbili kujua tyuni, kidole na uzi. Halafu laza simu kifudifudi, kisikilize mara tano, ukiimbe kwa mdomo, na ukitafute kwenye uzi mmoja bila picha. Jirekodi kwa simu hiyohiyo, ukiiweka hatua mbili kutoka kwenye gitaa, na usikilize kwanza zile sehemu ulizotakiwa kuwa kimya.